Kisukari na Mafuta ya Moyo

(Mazungumzo kwa wananchi wa Ujiji)



Wengi wetu tumeona ng'ombe akichinjwa. Ukiutazama moyo wake, utaona mafuta yameuzunguka. Binadamu naye anayo. Yakiwa kidogo hayana ubaya: yanaukinga moyo na kuupa nguvu. Yakizidi ni hatari. Hakuna ukuta unaoyatenga na nyama ya moyo, wala na mishipa inayouletea moyo damu. Wagonjwa wa kisukari, hasa wenye kitambi, mara nyingi huwa nayo mengi. Basi tusikiite kila kitambi neema.

Je, dawa ya kisukari yaweza kuyapunguza? Mwaka 2017 madaktari wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, walitangaza utafiti wao. Waliwapima wagonjwa 95 wenye kisukari cha ukubwani na unene uliozidi. Wote walikuwa wakimeza vidonge vya metformini. Kundi moja liliendelea na vidonge tu. Kundi la pili liliongezewa sindano ya kila siku iitwayo liraglutaidi. Dawa hii hupunguza hamu ya kula, na husaidia kongosho kutoa insulini. Baada ya miezi 6, waliochomwa sindano, mafuta ya moyo yalipungua unene kwa asilimia 36. Wale wa vidonge tu, hayakupungua.

Sasa tusikilizane vizuri. Kwanza, hii si kusema metformini haifai. Inashusha sukari, na sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo na miguu. Pili, utafiti ule ulipima mafuta. Haukuhesabu nani aliugua moyo na nani alipona. Tatu, sindano hiyo si insulini. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha kuichoma, anaweza kufa kwa siku chache.

Tunasema haya kwa sababu mtu akisikia habari ya dawa mpya huitupa ya zamani. Mwingine akipata nafuu kidogo, anasema, "Mimi nimepona bwana," vidonge vinabaki juu ya kabati. Usifanye hivyo. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali ya Maweni, ukamwulize daktari dawa ipi inakufaa wewe.

Na tutumie kisomo chetu. Soma maandishi ya kwenye pakiti ya dawa. Andika tarehe na kipimo cha sukari katika daftari, ulichukue kila uendapo kliniki.

Nyumbani nako kuna kazi. Mawese yetu ni matamu, lakini tuyapunguze chunguni. Ugali uwe kiasi, mboga ziongezeke, dagaa wachemshwe badala ya kukaangwa. Twende kwa miguu. Kitambi kikipungua, na mafuta ya moyo hupungua.

Mwenye swali na aulize.