Kibao cha Unyevu na Akiba ya Rangi



Kwa chama cha wachoraji, rangi ni kama mbegu na mbolea kwa chama cha wakulima. Ikikauka kibaoni kabla ya kutumika, hasara si ya mchoraji peke yake, bali ni ya wanachama wote waliochangia kuinunua.

Rangi ya akriliki hukauka kwa maji yake kugeuka mvuke, na ikisha kukauka haiyeyuki tena kwa maji. Penye joto na upepo, tone dogo hukauka kwa dakika chache tu. Kinga yake ni kibao cha unyevu, ambacho hutengenezwa kwa gharama ndogo.

Kwanza, kitafutwe chombo bapa cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Pili, ndani yake litandikwe sponji, au tabaka kadhaa za kitambaa cha pamba, lililoloweshwa maji safi mpaka likashiba, bila ya maji kutuama juu. Tatu, juu yake ilazwe karatasi ya kuokea keki na kulainishwa kwa kiganja. Karatasi yenye nta haifai, kwa kuwa haipitishi maji. Rangi huwekwa juu ya karatasi hiyo, na maji hupenya polepole yakifidia yale yanayopotea hewani. Kikifunikwa jioni, rangi hufaa kwa kazi ya kesho yake, pengine hata siku kadhaa.

Maji yakizidi, rangi hulegea na kuchuruzika. Sponji lisipofuliwa huota ukungu na kunuka. Basi lifuliwe na kuanikwa kila kazi inapokwisha.

Hata hivyo, njia hii haifai kwa kila rangi. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, uliotokea Dar es Salaam, wamezoea rangi za mafuta zing'aazo, kama zile za baiskeli. Hizo hazichangamani na maji. Akiba yake ni kumimina kidogo kidogo na kufunga kopo barabara.

Mwisho, mtunza stoo aandike chupa zilizotolewa katika mwezi mmoja kabla ya kutumia kibao hiki, na katika mwezi mmoja baadaye, kwa kazi iliyo sawa. Katibu aisome tofauti hiyo mbele ya mkutano wa wanachama, nao waamue wenyewe kwa hesabu, si kwa maneno.