Leseni ya Biashara Si Leseni ya Taaluma

Hotuba ya Afisa Lishe wa Wilaya mbele ya kikao cha Waheshimiwa Madiwani, watendaji wa kata na wawakilishi wa vituo vya kutolea huduma za afya. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wote.



Nimeombwa nizungumzie huduma za lishe katika wilaya yetu, na bila shaka mlitarajia nianze na matone ya vitamini A, dawa za minyoo na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Hayo yote yamo katika taarifa mliyogawiwa. Leo naomba kuutumia muda wangu kwa swali moja tu: mtu anayempa mwananchi ushauri wa chakula anatambuliwa na nani, na akikosea anawajibika kwa nani?

Swali hili nililetewa na mama mmoja mtu mzima. Aliletwa hospitalini na kijana wake, akiwa amedhoofika, kinywa kimekauka, anahema kwa shida. Ni mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano za insulini. Majuma machache kabla ya siku hiyo alikuwa amekwenda kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe, ambaye alimwuzia makopo ya unga wa virutubisho na kumwambia kwamba sindano ndizo zinazomdhoofisha, hivyo aziache. Mama yule aliuza mbuzi wawili kulipia makopo hayo. Tunamshukuru Mungu kwamba aliwahishwa, akapona.

Alipopata nguvu nilimuuliza kwa upole ni kitu gani kilichomfanya amwamini mtu yule. Akaniambia, "Mwanangu, yule si mtu wa kubahatisha. Leseni yake ya Serikali nimeiona ukutani kwa macho yangu, ina muhuri wa Halmashauri."

Nilikwenda kuiona leseni hiyo. Ilikuwa halali kabisa. Ilikuwa leseni ya biashara ya rejareja, iliyotolewa na ofisi yetu wenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Hakuna aliyeghushi kitu. Karatasi ilisema kwamba mtu huyu anaruhusiwa kuuza bidhaa na amelipa ada inayotakiwa. Haikusema kwamba amesomea lishe, wala kwamba anaruhusiwa kumwambia mgonjwa aache dawa. Lakini mama yule aliona muhuri, na kwake muhuri wa Serikali ni neno la Serikali. Waheshimiwa, sisi ndio tuliomkopesha muuzaji yule heshima ambayo hakustahili kuwa nayo.

Huenda wapo watakaouliza: chakula ni chakula tu, kwa nini ushauri wake uhitaji sheria? Ni swali la haki, nami sina budi kulijibu kwa mifano.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali anapolazwa, huruma ya kawaida hutuelekeza tumpe chakula kingi upesi. Utaalamu unatuambia kinyume chake. Katika siku za mwanzo hupewa maziwa tiba ya F-75, yenye kilokalori 75 tu katika kila mililita 100, tena kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, na huwa hapewi madini ya chuma mpaka hali yake itengemae. Mwili uliokwisha kuzoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo waweza kusimama. Baadaye ndipo huhamishiwa kwenye F-100 au chakula tiba kilicho tayari kuliwa, ili apate nguvu na kurejesha uzito.

Mfano wa pili ni mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Ndizi, parachichi na maji ya machungwa, ambavyo kwa mtu mzima wa afya ni neema, kwake vyaweza kuongeza potasiamu katika damu hadi mapigo ya moyo yakaharibika. Na wa tatu ni mgonjwa anayetumia dawa ya wafarini ili damu isigande. Akiongeza mboga za majani ghafla kuliko alivyozoea, vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mboga si mbaya kwake; kilicho kibaya ni kubadili kiasi bila aliyemwandikia dawa kujua. Ushauri ule ule uliomfaa jirani waweza kumwua mgonjwa.

Ndiyo maana nchi mbalimbali zimeona haja ya kuweka utaratibu, ingawa hazikufuata njia moja.

Uingereza ililinda jina. Huko, mtu hawezi kujiita mtaalamu wa lishe tiba kabla ya kusajiliwa na baraza linalosimamia taaluma za afya. Hata hivyo, jina la jumla la mtaalamu wa lishe halikulindwa na sheria kwa namna hiyo, na mwananchi asiyejua tofauti ya majina hayo mawili aweza kupotea kirahisi.

Marekani iliacha kila jimbo liamue. Hati ya kitaifa ya mtaalamu wa lishe tiba aliyesajiliwa ilianza mwaka 1969, na tangu mwanzo wa mwaka 2024 anayetaka kuufanya mtihani wake sharti awe na shahada ya uzamili. Ila hati hiyo hutolewa na chombo cha taaluma, si na serikali ya jimbo. Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi na kuifanya kazi yenyewe kuwa ya wenye leseni peke yao. Mengine yamelinda jina tu. Jambo lililo halali upande mmoja wa mpaka wa jimbo laweza kuwa kosa upande wa pili.

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia iliyo wazi zaidi. Kwa Sheria Na. 18 ya mwaka 2007 waliunda taasisi ya kusimamia mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa lishe na wa lishe tiba. Anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kupewa leseni anatenda kosa la jinai. Faida kubwa kwa mwananchi ni kwamba lipo daftari. Jina la mtu limo au halimo. Na aliyemo akikosea, kuna mlango wa kubisha na kuna wa kumfuta.

Waheshimiwa, nisingekuwa mkweli kama ningewaonesha upande mmoja tu. Sheria ya namna hii ikitungwa bila uangalifu, yaweza kumziba mdomo asiyestahili kuzibwa. Mwaka 2012, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Steve Cooksey, mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akisimulia katika tovuti yake jinsi alivyobadili ulaji, alijulishwa na bodi ya jimbo kuwa baadhi ya ushauri wake kwa wasomaji ulihitaji leseni. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba ana haki ya kusikilizwa. Hatimaye bodi ikalegeza miongozo yake. Katika jimbo la Florida mambo yakawa tofauti. Mshauri wa afya aliyekuwa akitoza malipo kwa ushauri wa lishe bila leseni alitozwa faini, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ikaitetea sheria ya jimbo.

Mimi nasoma funzo moja katika mashauri hayo mawili. Kuna tofauti kati ya kusimulia na kutibu. Bibi anayemfundisha mjukuu kuchanganya karanga katika uji wa mtoto hahitaji kibali cha mtu yeyote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayehimiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, akifuata mafunzo aliyopewa, ni mkono wetu wa kuume. Mgonjwa anayesimulia yaliyomsaidia ana haki ya kusimulia. Lakini mtu anayempokea mgonjwa faraghani, akampangia mlo wa kutibu ugonjwa wake, akagusa dawa alizoandikiwa na kupokea fedha kwa kazi hiyo, huyo ameingia katika tiba. Na aliyeingia katika tiba hana budi kuwa na mtu anayemsimamia.

Sasa turudi nyumbani. Mwananchi wetu amekwisha kuzoea kwamba daktari ana Baraza la Madaktari, kwamba wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2010, na kwamba wafamasia wana Baraza la Famasia chini ya sheria ya mwaka 2011. Tangu mwaka 1973 tunayo pia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, inayotuongoza kitaalamu. Sisi maafisa lishe wa halmashauri tunaye mwajiri, na mkiona tumekosea mnajua pa kutuita. Bidhaa nazo zina wasimamizi wake: kwa mabadiliko ya mwaka 2019, usimamizi wa chakula ulihamia Shirika la Viwango, na dawa na vifaa tiba vikabaki kwa TMDA. Lakini tukumbuke kwamba alama iliyo juu ya kopo husema juu ya kilichomo ndani ya kopo. Haisemi neno lolote juu ya elimu ya anayeliuza.

Kabla ya kuomba lolote, nikiri pia kosa letu. Nilimuuliza mama yule kwa nini hakuja kwetu kwanza. Alinijibu bila hasira kwamba alikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kijijini, mara ya pili foleni ilikuwa ndefu akapewa dakika tano. Muuzaji alimketisha kitini na kumsikiliza saa nzima. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini mimi nimejifunza kwamba kizuri kisipoonekana, kibaya ndicho kitakachonunuliwa. Sheria peke yake haitaziba pengo tuliloliacha wazi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, Ofisi ya Biashara, kwa kushauriana na Mwanasheria wa Halmashauri, iangalie uwezekano wa kila leseni inayotolewa kwa wauzaji wa virutubisho kuambatanishwa na maneno haya, kwa herufi zinazosomeka: "Leseni hii ni ya biashara tu. Si uthibitisho wa taaluma ya afya wala ya lishe." Ni sentensi mbili fupi, nami naamini zingemwokoa mama yule.

La pili, katika kila kituo cha afya, zahanati na ofisi ya kata, libandikwe tangazo lenye jina na cheo cha anayetoa ushauri wa lishe, siku anazopatikana, na mahali pa kupeleka malalamiko. Kwa upande wangu, naahidi kupanga siku maalumu ya wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na figo, ili asiwepo anayeondoka bila kusikilizwa.

La tatu, watendaji wa vijiji wanapoombwa uwanja wa gulio au kipaza sauti na watu wanaotangaza kuponya magonjwa kwa vyakula au virutubisho, wasitoe ruhusa kabla ya kumtaarifu Mganga Mkuu wa Wilaya.

Na kwenu wananchi, mtakaoyasoma haya katika jarida letu, nawaachia maswali matatu ya kumuuliza yeyote anayetaka kukupangia chakula kwa sababu ya ugonjwa. Umesomea wapi taaluma hii, na cheti chako kiko wapi? Ukinikosea, nikushitaki kwa nani? Na je, kile unachonishauri nitumie ndicho hicho hicho unachoniuzia? Mtaalamu wa kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Atakayekwambia uache dawa ulizoandikiwa hospitalini, usibishane naye. Nyanyuka, uje kwetu na dawa zako mkononi, tuzungumze pamoja na daktari wako.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mama yule sasa anahudhuria kliniki yetu. Juma lililopita aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu peke yangu, nami nikamwahidi kulileta mbele yenu. Aliniuliza, "Ile karatasi bado iko ukutani?"

Bado iko, Waheshimiwa. Ni halali, na ina muhuri wetu. Naomba kikao hiki kiamue iseme nini.