Ubaguzi Kazini na Mzigo wa Kuthibitisha

Ubaguzi kazini, yaani kumnyima mtu ajira, cheo au mshahara kwa sababu isiyohusiana na kazi yenyewe, umekatazwa Tanzania Bara na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambacho kinataja kabila, dini, jinsia, ulemavu, umri, VVU na ujauzito miongoni mwa sababu zilizopigwa marufuku, na kinamlinda hata mwombaji kazi.

Jambo lenye uzito zaidi ni mzigo wa kuthibitisha: mhudumu wa hoteli aliyefutwa kwenye orodha ya zamu wiki ileile alipomweleza meneja kuwa ni mjamzito, akishatoa ushahidi wa awali, yaani unaotosha kuonyesha kwamba kuna hoja ya kujibiwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua, na hiyo ni haki kabisa, maana majalada yote yamo kabatini mwake.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, lakini anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu, hivyo anayesubiri ahadi za mdomo huweza kulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda.