Usiitikie Neno Usilolijua

(Maneno ya ufunguzi wa mafunzo ya kazi za ghalani)



Kabla hatujagusa mashine yoyote, tutacheza. Najua wengine mmetoka shifti ya usiku, wengine mmeacha watoto kwa jirani. Nivumilieni dakika kumi na tano.

Kila mmoja achukue kadi. Imeandikwa neno la kazini: PPE, paleti, lokauti. Mkae wawili wawili. Kama neno unalijua, mweleze mwenzako kwa Kiswahili cha nyumbani bila kulitaja, naye abahatishe. Kama hulijui, inua kadi juu, na anayelijua aje akusaidie. Hakuna anayeshindwa.

Kwa nini mchezo huu? Nilipoanza kazi hapa Marekani, msimamizi aliniuliza kama naijua lokauti. Nikaitikia ndiyo. Siku hizo niliitikia ndiyo kwa kila kitu, kwa heshima na kwa hofu ya kufukuzwa. Wiki hiyohiyo mkanda wa mizigo ukakwama, nikapeleka mkono kuvuta boksi. Mwenzangu akanivuta shati kwa nguvu, na mkanda ukaanza kwenda.

Lokauti ni hii: kabla ya mashine kurekebishwa, inazimwa na kukatiwa umeme. Fundi aliyefundishwa anaifunga kwa kufuli lake na kuweka kibandiko chenye jina lake. Ufunguo anakaa nao mwenyewe, ili mtu mwingine asiiwashe. Ukiona kufuli hilo, usiliguse. Mashine ikikwama, usitie mkono, ita msimamizi. Kwa neno moja nisilolijua, nusura nipoteze vidole.

Tena mjue haki yenu. OSHA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inamtaka mwajiri atoe mafunzo ya usalama kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Ukisema, "Sijaelewa, nieleze tena," huombi hisani.

Leo jioni chezeni na watoto pia. Wao walete maneno ya shuleni, nanyi mlete ya kazini. Mtashangaa nani atamfundisha nani.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Haya, kadi ndizo hizi. Mama uliyekaa karibu na mlango, tuanze na wewe. Kama neno hulijui, ndiyo vizuri zaidi: inua kadi juu, sote tuione.