Kumfunza Mgeni wa Mto

Mwalimu wenu akipenda, kila fungu lisomwe na mtu mmoja kwa sauti, na wengine wafuate polepole kwa macho.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wa bonde la Kilombero huliona kila mwaka, lakini hatuna desturi ya kulikalia na kulizungumza. Jambo lenyewe ni hili: mtu anayejua kazi ya hatari ana deni gani kwa mtu asiyeijua, siku anapomjia na kumwambia, "Nifundishe"?

Mto wetu

Ninyi wa Ifakara mwaujua mto. Mito ya Mnyera na Ruhuji hukutana, ikafanya mto Kilombero. Mto hupita katika bonde, milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili. Kisha huko chini hukutana na mto Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huanza. Masika yakija, mto hutoka katika njia yake ukaenea mbugani. Mahali ulipopita kwa miguu mwezi wa Oktoba, mwezi wa Aprili hupita mtumbwi.

Tangu mwaka 2018 liko daraja kubwa, nasi twavuka wakavu na mizigo yetu. Lakini daraja halivui samaki. Mvuvi bado hushuka majini na mtumbwi wa gogo, kafi na pondo. Tena wako vijana wasioshuka mtoni kwa kutafuta kitoweo. Huenda kwa mchezo: kuogelea mpaka ng'ambo, kushindana kwa mitumbwi, au kumkaribia kiboko ili wenzao wawapige picha kwa simu. Mmoja huwa amezoea. Mwingine ndiyo siku yake ya kwanza. Huyo wa siku ya kwanza ndiye tunayemzungumzia leo. Tutamwita mgeni wa mto, hata kama amezaliwa Ifakara.

Kosa langu

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msidhani ninawahubiria.

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mzee mmoja alinifundisha kupiga kafi. Alinifundisha majuma mawili, mwezi wa Septemba, maji yakiwa machache na mto umetulia. Mwezi wa Aprili uliofuata, rafiki yangu alikuja kunitembelea kutoka mjini. Tulisimama ukingoni tukiyatazama maji. Akaniuliza, "Wajua kuendesha mtumbwi?" Nikamjibu, "Najua."

Neno hilo moja ndilo kosa langu. Nilijua mto wa Septemba. Mto wa Aprili sikuujua. Lakini niliona aibu kusema hivyo mbele ya rafiki yangu.

Tuliazima mtumbwi tukaingia. Tulipofika penye mkondo, maji yalitupiga ubavuni. Rafiki yangu akashikwa na hofu, akasimama. Mtumbwi ukapinduka. Mungu alitujalia, maji yakatusukuma kwenye matete, tukayashika. Wavuvi wawili walikuja kututoa. Rafiki yangu hakujua kuogelea. Mimi sikuwa nimemwuliza.

Jioni nilikwenda kwa yule mzee kumweleza. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwenzio alijua kwamba hujui?"

Sikuwa na jibu. Miaka imepita, na swali hilo bado ninalo.

Dole gumba kwenye karatasi

Tuna methali isemayo, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni methali ya kweli. Lakini angalieni, yamlaumu kijana peke yake. Je, mkuu akinyamaza? Je, mkuu akisema "Najua," naye hajui? Kijana atasikia nini?

Watu wengi hujitetea hivi: "Sikumlazimisha. Alitaka mwenyewe. Alikubali." Ndugu zangu, tulipime neno hilo.

Ninyi wanafunzi wa madarasa ya watu wazima mwafahamu, kuliko watu wengine, maana ya kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoweza kuisoma. Mtu amekuletea karatasi, amekuonyesha mahali pa kutia, nawe umetia. Baadaye waambiwa kwamba umeuza shamba. Ukilalamika, hukujibu, "Lakini ulikubali mwenyewe." Ni kweli, alama ya dole ni yako. Lakini ulikubali nini?

Mgeni wa mto anaposema, "Haya, twende," ametia dole gumba. Hawezi kuusoma mto. Haoni mkondo uliojificha chini ya maji yaliyotulia. Hajui kwamba mapovu yale madogo ni dalili ya kiboko. Hata kuuliza hawezi, kwa sababu mtu huuliza jambo ambalo ameanza kulijua. Basi anayejua sharti amsomee karatasi kwanza, neno kwa neno, ndipo mwenzake akubali au akatae. Hilo ndilo deni lenyewe.

Jinsi ya kulilipa deni

Kwanza, msomee mto mkiwa nchi kavu. Mweleze hatari kwa jina lake. Usimwambie tu, "Uwe mwangalifu." Mwambie kwamba kiboko mkubwa aweza kupita kilo 1,500, naye aweza kukaa chini ya maji dakika tano bila kuonekana. Mchana hupenda kulala majini, na jioni hutoka kwenda kula majani. Kwa hiyo usisimame kati yake na maji, wala kati ya mama na mtoto wake. Mwambie kwamba mamba huangalia mazoea ya watu: ukichota maji kila siku mahali pamoja, saa ile ile, naye huja kukungojea. Mwambie kwamba katika mtumbwi wa gogo anayesimama kwa hofu huwapindua wote. Kisha mwache akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake. Asipoweza kuyarudia, bado hajayasikia.

Pili, mpime kabla ya kumwingiza. Muulize, "Wajua kuogelea?" Usitosheke na jibu; mtazame akiogelea mahali salama, maji yakiwa kifuani. Mwanzishe wakati wa kiangazi, penye maji machache, wewe ukiwa nyuma na kafi lako. Kama jaketi la kuokolea lipo, alivae. Kama halipo, dumu tupu la lita 20, lililofungwa kizibo barabara, litamsaidia mtu kuelea akilishika.

Tatu, usimtume mahali ambapo wewe mwenyewe usingekwenda. Hapa wako watu wazima wenye kosa kubwa. Wavu umenasa kwenye kisiki, maji ni meusi, wote wanaogopa. Ndipo husema, "Mtume huyu mpya, ni mwepesi." Huko si kumfundisha kazi. Ni kumlipa kwa hatari ambayo wenyeji wameikataa.

Nne, jua mwisho wa elimu yako, nawe uutaje kwa sauti. "Hapa najua. Pale sijui." Kwa maoni yangu, mwalimu wa kuogopwa kuliko wote ni yule aliyejifunza jana. Yeye anakumbuka furaha ya kujifunza, lakini bado hajaona siku ambayo mto umebadilika. Mimi nilikuwa mwalimu wa namna hiyo.

Tano, mpe ruhusa ya kurudi. Kabla ya kuondoka mwambie, "Ukisema turudi, tutarudi, wala sitakucheka." Kicheko cha wenzake humwingiza kijana majini kuliko njaa. Yeye anaona hatari, tumbo linamwambia arudi, lakini anaogopa kuitwa mwoga mbele ya vijana wa mtaani kwake. Mwalimu anayecheka amemfunga mwanafunzi wake mdomo.

Somo kutoka mlimani

Tuuache mto kidogo, twende Kilimanjaro. Huko nako watu huiendea hatari kwa kupenda wenyewe, nao huenda na mwalimu wa njia. Kilele cha mlima kina urefu wa mita 5,895. Hairuhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Huko juu hewa ni nyepesi. Mtu akipanda kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, huyumba kama mlevi. Akizidiwa, maji huingia mapafuni au ubongo huvimba, naye aweza kufa. Dawa kubwa ni kushuka. Tena ugonjwa huu hauogopi nguvu za mtu. Huwapata hata vijana wenye afya.

Sasa fikirini. Mgeni ametoka mbali, amelipa fedha nyingi, na kilele anakiona kwa macho. Anasema, "Twende tu, mimi mzima." Lakini ugonjwa wenyewe umeshamvuruga akili, hajijui kwamba ni mgonjwa. Kiongozi afanye nini? Akimpeleka, huenda akapata bakshishi. Akimrudisha, huenda akapata matusi. Kiongozi aliye kiongozi kweli humwambia, "Bwana, tunashuka," naye huyapokea matusi. Katika saa ile, elimu yake ndiyo kinga ya mwenzake. Hana haki ya kuiuza kwa bakshishi.

Swali gumu

Yako maneno ambayo najua mtaniambia. "Bwana Elimu, kijana huyu ni mkaidi. Nikimkataa, atakwenda peke yake, au atakwenda na mjinga mwenzake. Afadhali aende na mimi."

Swali hili ni gumu, wala sitalipita mbio. Kuna kweli ndani yake. Mzee anayewafukuza vijana wote na kuficha elimu yake hajajitakasa. Amewaacha wafundishwe na kiboko. Lakini neno lile lile, "Afadhali aende na mimi," laweza kuwa kisingizio cha kumwingiza mtu asiye tayari, ili mwenye mtumbwi apate msaidizi wa bure au apate sifa.

Shauri langu ni hili: kataa safari, usikatae mafunzo. Mwambie, "Leo sikupeleki. Kesho asubuhi njoo kwenye maji machache, tuanze." Hapo hukumfungia mlango, wala hukumsukuma ndani. Kijana akirudi kesho, ameonyesha mwanzo wa uvumilivu, na mtoni uvumilivu ni nusu ya elimu. Asiporudi akaenda peke yake, umeshamwambia hatari kwa jina lake. Tena usikae kimya: waambie jamaa zake, na wavuvi walioko majini wajue kwamba mgeni amekwenda upande gani.

Na mtu mzima aliyesomewa kila kitu, akafahamu, akapimwa, kisha akachagua hatari? Huyo ametia sahihi yake mwenyewe, tena kwa macho yaliyofumbuka. Maisha ni yake, twapaswa kumheshimu. Lakini mtumbwi ni wako. Huna lazima ya kumwazima. Ama mtoto, sahihi yake haitoshi hata akijua kusoma. Kwanza wazazi wake waambiwe, na hata wakikubali, mwalimu abaki na haki ya kusema hapana.

Mwisho wa somo

Ndugu zangu, labda wewe huendi mtoni. Lakini yuko mtu anayekutazama ili ajifunze. Huenda unamfundisha mdogo wako kuendesha pikipiki, au kupanda mnazi, au kukata mti mkubwa. Kabla hajaanza, jiulize lile swali la mzee: "Mwenzangu anajua kwamba hajui? Na mimi, nimemwambia mahali ambapo elimu yangu inaishia?"

Ninyi mmeingia darasani ili msitie tena dole gumba gizani. Basi msimtake mtu mwingine atie lake gizani mbele yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mwandishi alijibu "Najua." Angejibu vipi ili mwenzake afahamu ukweli?
2. Kwa nini "nimekubali" la mgeni wa mto limefananishwa na dole gumba?
3. "Kataa safari, usikatae mafunzo." Wewe wakubali? Toa sababu.
4. Andika sentensi tatu juu ya kazi ya hatari unayoijua. Taja hatari moja kwa jina lake, na jinsi ungemweleza mtu wa siku ya kwanza.

Maneno ya kujifunza

Mkondo: maji yanayokwenda kwa nguvu.
Pondo: mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.
Kafi: kasia fupi la mkono.
Kisingizio: sababu isiyo ya kweli.
Bakshishi: zawadi ya fedha apewayo mtu kwa kazi yake.