Posho ya Serikali kwa Kila Raia
(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama, Lucky Summer)

Ndugu wafanyakazi, wako wasemao kwamba Serikali ikimlipa kila raia, watu watakuwa wavivu. Twauliza: wavivu kwa shilingi ngapi? Tangu 2018 wazee waliotimiza miaka 70 wamewekewa shilingi 2,000 kwa mwezi katika Inua Jamii. Hapa kwetu hizo hazitoshi kodi ya chumba na unga.

Mwaka 2016 shirika la GiveDirectly lilianza huko Siaya kuwapa watu wazima shilingi 2,250 kwa mwezi, kwa ahadi ya miaka 12. Wachunguzi hawakuona watu wakiacha kazi. Wengi walianza biashara zao wenyewe.

Basi posho twaitaka. Lakini tajiri asije akasema, "Umekwisha lipwa na Serikali," akatupunguzia mshahara. Hilo liandikwe katika sheria kwanza, kabla haijatolewa senti moja.