Tenda Ikikataliwa, Tuhesabu Siku



Siku hizi vikundi vyetu vya vijana na akina mama vinaomba kazi za serikali: madarasa, vyoo vya shule, vibanda vya soko. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inawatengea vijana, akina mama na watu wenye ulemavu asilimia 30. Lakini mara nyingi tunasikia, "Tumenyimwa kwa sababu hatuna mtu wetu huko ndani." Pengine ni kweli, pengine siyo. Njia ya kujua iko.

Kwanza, barua. Aliyeshinda akiarifiwa, walioshindwa nao lazima waandikiwe na waelezwe sababu. Barua ikisema tu "hamkufaulu", haitoshi. Ulizeni mara moja.

Pili, tuisome tenda yetu wenyewe. Je, cheti cha kodi kilikuwa kimeisha? Kuna fomu haikutiwa sahihi? Hapo tusimlaumu mtu. Bei nafuu haimwokoi aliyekosa hati iliyotakiwa. Lakini kama tumekataliwa kwa sharti ambalo halikuandikwa kwenye tenda, hilo ni jambo la kupeleka mbele.

Tatu, siku 14. Tangu kuarifiwa, tuna siku hizo tu kupeleka ombi kwa Bodi ya kupitia malalamiko ya ununuzi wa umma, Nairobi. Kabla hazijaisha, ofisi hairuhusiwi kutia sahihi mkataba. Ombi likipokelewa, shughuli ya tenda inasimama, na Bodi ina siku 21 kuamua. Inaweza kufuta uamuzi au kuagiza tenda zipimwe upya. Asiyeridhika ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hapa anayechelewa ndiye hana baraka. Kikao kiitwe siku ya kwanza, si ya kumi.

Basi tupime. Kuna ada ya kulipa, kuna wakili, kuna nauli, na zote ni pesa za wanachama. Tena watoto wanangoja darasa. Tukilalamika kwa hasira tu, tunawachelewesha bure. Lakini tukinyamazia tenda ya ujanja, watakaokaa chini ya hilo paa bovu ni watoto hao hao.